Siku Nilipoazimwa kwa Timu ya Buffalo

Kocha wetu alikuwa mwanamke wa Australia aliyeolewa Louisville, Marekani, mwalimu wa watoto wadogo, na mpango wa kwanza alituchorea kwenye ubao mweupe alioutundika nyuma ya gari lake. Alichora umbo kama yai, ndio uwanja. Akachora vijiti vinne kila mwisho, ndizo nguzo za goli. Halafu akavuta mshale mmoja mrefu kutoka nyuma hadi mbele.

"Ukiupata mpira, mpigie mrefu wetu," alisema. "Mengine yatafuata."

Mrefu wetu alikuwa mwenzangu kazini, na ndiye aliyenileta. Tulifunga mizigo meza moja katika ghala huko Okolona. Siku moja boksi lilichepuka kwenye mkanda juu ya vichwa vyetu, nikaruka nikalidaka kabla halijamwangukia. Badala ya kunishukuru aliniuliza, "Umejifunza wapi kudaka hivyo?"

Nikamwambia: mpira wa pete, kambini, mkoani Kigoma. Nilizaliwa Burundi lakini nilikulia kwenye kambi ile, na shuleni nilicheza nafasi ya mlinzi wa goli kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Kazi yangu ilikuwa kuruka na kunyang'anya mipira ya juu. Hakuwahi kuusikia mpira wa pete. Mimi sikuwahi kuusikia mpira wa Kiaustralia. Jumamosi iliyofuata alinipitia nyumbani Highview na gari lake.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mpira una umbo la papai. Unaweza kukimbia nao mikononi ilmradi uudundishe chini mara kwa mara. Unaweza kuupiga teke. Unaweza kumpa mwenzako kwa kuugonga na ngumi. Kuutupa ni kosa. Kipa hakuna. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati unapata pointi sita, ukipita pembeni yake unapata moja. Na ukiudaka mpira uliopigwa teke kutoka mbali kabla haujagusa chini, mwamuzi anapuliza filimbi, watu wanasogea, unapiga kwa raha zako. Hapo kwenye kudaka ndipo nilipopapenda. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, mama wa binti anayekaribia kunipita urefu, na tangu tuhamishiwe Marekani sikuwa nimeruka kwa ajili ya kitu chochote isipokuwa boksi lile.

Nyumbani hawakunielewa mara moja. Mume wangu alitazama magoti yangu akasema, "Mke wangu, umeanguka kwenye lori?" Kanisani mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama ni kweli ninacheza na kaptura mbele ya watu. Nilimwambia ninavaa suruali ya kubana ndani, inafika kwenye vifundo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi cheza, lakini usiumie, Pasaka tunakuhitaji kwenye sauti ya pili."

Mechi yetu ya kwanza ya msimu ilikuwa Columbus. Dada yangu mkubwa anaishi huko Whitehall na mume wake, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, na wote wawili walikuja kutazama, wamevaa kama wanakwenda harusini. Tulifanya kama mpango ulivyosema. Kila aliyeupata mpira alimpigia mrefu wetu, na kila mara mrefu wetu alikuta wachezaji watatu wa Columbus wamemzunguka kama wanaomsindikiza. Mimi nilikuwa nyuma. Nilidaka mpaka mikono ikawaka, lakini nikishadaka ilinibidi niupeleke mpira kule kule, nao ulirudi kule kule. Tulichezea kichapo. Walitufanya kapu la magoli. Mwisho wa mechi wachezaji wa Columbus walitukumbatia mmoja mmoja kama watu waliokuja msibani.

Shemeji yangu alingoja nimalize kunywa maji.

"Bon, shemeji," alisema kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani yake, "minaona munapigia ule murefu tu. Donc wale banamungojea pale. Hata mimi ningemungojea."

"Kocha ndiye aliyepanga," nilisema.

"Na kipa iko wapi?"

"Hakuna kipa."

Alitikisa kichwa, akaenda kuwasha gari.

Mpango wa pili ulikuwa kinyume cha ule wa kwanza. Kocha aliona bora tusifungwe kuliko kutafuta kufunga, akaturudisha karibu sote nyuma. Kwa kweli tulifungwa magoli machache kuliko mwanzo. Lakini mchezo ukawa kama kukaa mlangoni kumzuia mbuzi asiingie. Mbele alibaki mrefu wetu peke yake, akitembea huku na huku amejishika kiuno. Mazoezini watu wakaanza kupungua. Huyu ana shifti, yule mtoto anaumwa, mwingine aliacha tu kuja. Jioni moja tulikuwa wachache hivi kwamba hatukuweza hata kugawana pande mbili.

Kocha hakuwa mtu wa kupiga kelele. Jioni ile alikaa kwenye nyasi, nasi tukakaa. Akasema, "Mimi nimecheza mchezo huu tangu nikiwa mtoto, na ndugu zangu wa kiume, shambani kwetu. Nimewapa mipango ya watu walioukulia mchezo. Ninyi hamkuukulia. Niambieni, mnajua kufanya nini?"

Mmoja wetu, mdogo wa umbo, ambaye alikuwa mkimbiaji wakati wa shule, akasema anajua kukimbia, na kwamba msimu mzima hakuna aliyempa mpira akiwa mbioni. Mwingine akasema yeye teke lake ni fupi lakini halikosei. Mimi nikasema najua kudaka, ila nikishadaka sioni pa kupeleka.

Mpango wa tatu ulitokana na mazungumzo yale. Mpira ukitoka nyuma, upigwe kwangu, nikiwa nimesimama ubavuni upande wa kulia. Nikidaka, nisingoje. Nigeuke niupige ukate uwanja kwenda kushoto mbele, ambako mkimbiaji wetu atakuwa ameshaanza kukimbia. Mrefu wetu abaki pale pale katikati, awavute walinzi.

"Tunahitaji neno la kuitana," kocha alisema, "lisilojulikana na wengine." Akanigeukia. "Mstari unaokata hivi, kwenu unaitwaje?"

"Mshazari," nilisema.

Walicheka, wakajaribu. Neno lilivunjika midomoni mwao kwa namna zote, lakini kufikia mwisho wa juma kila mtu alilipigia kelele vizuri. Nikawapa na mengine: rudi, katikati, bana. Nilipomsimulia binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alistaajabu. "Mama, wazungu wanapiga kelele za Kiswahili uwanjani?" Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuniomba aje mazoezini.

Mechi ya kuujaribu mpango huo ilikuwa ugenini Buffalo, wakati wa kiangazi. Ni mbali. Tuliondoka mchana kwa magari mawili, tukalala Columbus. Nilidhani wenzangu wangekwenda hotelini na mimi nikalale kwa dada, lakini dada alikataa. "Wageni wako ni wageni wangu," alisema. Walilala sebuleni kwake Whitehall, wengine kwenye makochi, wengine chini kwenye mikeka na blanketi. Asubuhi aliwapikia maandazi na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mrefu wetu alikula mpaka akaona aibu. Shemeji alikaa mbele ya kocha akamwomba, kupitia kwangu, amweleze mpango. Kocha alimweleza kwa kuchora na kidole juu ya meza. Shemeji akatazama, akatazama tena, akasema, "Bon. Hii iko muzuri. Mutashinda." Nilitafsiri, na kocha akampa mkono kana kwamba jambo limekwisha.

Tulipofika Buffalo upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani, nguzo za goli zinatikisika. Wachezaji wenyeji walikuwa wamesimama kwenye kundi dogo, wanapiga simu. Gari moja lililowabeba baadhi yao lilikuwa limeharibika njiani, na wengine walikuwa wagonjwa. Nahodha wao alitujia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizofungwa kwa kitambaa. Alisema hawatoshi, na kama hatutaki kuendesha kurudi bila kucheza, tuwaazime mtu.

Kwenye ligi ndogo kama zetu kuazimana ni jambo la kawaida. Sisi tulikuwa na akiba. Lakini wenyeji walihitaji mtu wa nyuma, mtu wa kudaka.

Kocha aliniangalia. Wenzangu wote waliniangalia pia, na nilijua wanawaza nini, kwa sababu mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Mpango mzima ulipita mikononi mwangu. Maneno yenyewe yalikuwa yangu.

"Utaenda?" kocha aliuliza.

"Nikienda, mtampigia nani kule kulia?"

"Atasimama mwingine. Tutaona."

"Na nikisikia mnaitana?"

Alinishika bega. "Cheza kweli. Ukicheza nusu utakuwa umewadharau wao na umetudharau sisi."

Nikavua jezi yetu, nikavaa ya Buffalo. Ilikuwa ya mtu mwembamba kuliko mimi. Nahodha wao alinipeleka pembeni akaniuliza, bila hila, jinsi mtu anavyouliza njia: "Unawajua. Huwa wanafanya nini?"

Nilimjibu, "Mikono na miguu nimekuja nayo huku. Mdomo nimeuacha kule."

Alicheka sana, akanionyesha mahali pa kusimama.

Robo ya kwanza niliogopa zaidi kuliko siku yoyote nyingine uwanjani. Niliogopa kudaka, wasije wa kwetu wakaona nimewageuka. Niliogopa kutodaka, wasije wa Buffalo wakasema nimeuza mechi. Kisha mpira ukatoka nyuma kwao, nyuma kwetu nilitaka kusema, na mrefu wetu akaita kwa sauti kubwa: "Mshazari!"

Sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe. Nilikimbia nikikata uwanja, nikafika kabla ya mkimbiaji wetu, nikaruka, nikadaka. Filimbi ikalia. Wasichana wa Buffalo walinirukia kwa furaha. Nilipoinua macho niliona uso wa mkimbiaji wetu. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

Walijaribu tena. Nilidaka tena. Mara ya tatu upepo uliusaidia mpira ukanipita, wakapata pointi moja, lakini kila walipoita nilikuwa nimeshaanza kwenda. Kufikia mapumziko Buffalo walikuwa wanaongoza. Nilikunywa maji upande wa wenyeji, nikawatazama wenzangu ng'ambo ya uwanja wamekaa mduara. Nilimwona kocha amesimama nje ya mduara, mikono mfukoni. Aliyekuwa anaongea ni mkimbiaji wetu, akichapa kiganja chake kwa ngumi. Nikaona mrefu wetu anacheka. Sikusikia neno. Kukaa mbali na mduara ule, nikijua wananizungumzia mimi, kuliniuma kuliko nilivyotarajia.

Tulirudi uwanjani. Mpira ukatoka nyuma. "Mshazari!" aliita mrefu wetu. Nikaondoka mbio kwenda kushoto kwao, na mpira ukapita pale pale nilipotoka, moja kwa moja katikati, kwa teke fupi lisilokosea, mpaka mikononi mwa mrefu wetu, ambaye kwa mara ya kwanza msimu ule hakuwa na mtu wa kumkaba. Goli. Pointi sita. Nilisimama peke yangu upande ule kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, na wenzangu wakawa wananionyesha vidole wakicheka, nami nikacheka mpaka nikainama.

Mara iliyofuata waliita "Mshazari!" nikabaki katikati, na safari hii ulikuwa mshazari kweli. Wakaita "Rudi!" wakaenda mbele. Wakaita "Bana!" wakatawanyika. Kisha wakaita maneno ambayo sikuwafundisha. Nikasikia "Mandazi!" nikajua wamelitoa kwa dada yangu. Sikujua maana yake ni nini uwanjani, na nadhani hata wao hawakujua. Waliangaliana usoni na kupeana mpira. Nilidaka mingine, sikulegea hata kidogo, nahodha wa Buffalo ni shahidi. Lakini kudaka kwangu hakukutosha. Ubao wa matokeo ulisoma ushindi wa Louisville, kwa goli moja na vipointi vichache.

Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza, na mimi nilikuwa upande ulioshindwa.

Sijui nieleze vipi. Kule ng'ambo wenzangu walikuwa wamelundikana, wanapiga kelele, kocha yuko katikati yao amefunika uso kwa mikono. Huku wasichana wa Buffalo walikuwa wamekaa chini, wanavua viatu kimya. Mmoja aliniomba radhi kwa mpira aliouangusha. Nilimwambia, "Pole, tulijitahidi," na nilipolisema lile "tulijitahidi" nilikuwa nalimaanisha. Nilifurahi na nikahuzunika kwa wakati mmoja, na hisia zile mbili hazikugombana. Zilikaa pamoja kama watu wa familia moja mezani.

Nahodha wao alinipa mkono wa kuniinua. "Nenda kwao," alisema. "Jezi utatuletea msimu ujao, usihangaike sasa." Nikavuka uwanja. Mrefu wetu alikuja mbio akaninyanyua juu na jezi ile ile ya Buffalo, na wenzangu wakapiga kelele neno lile la mshazari vibaya vibaya, kila mtu kwa lafudhi yake.

Njiani kurudi nilikaa mbele na kocha. Wa nyuma walilala. Tulipita mashamba ya mahindi, jua bado liko juu.

"Una hasira na mimi?" aliniuliza.

"Hapana. Ila nilitaka kuwepo."

"Ulikuwepo," alisema. "Kama ungekaa kwetu, wenzako wangekupigia mpira wewe siku nzima na tungeshindwa kama kawaida, au tungeshinda na wasijue kwa nini. Walipoona unajua kila kitu, ikabidi wafikiri. Mimi mwenyewe sikuwa na la kuwaambia wakati wa mapumziko. Nilisimama tu."

"Nilikuona."

"Nilikuwa naogopa kuwaharibia," alisema, akatabasamu, macho yake yakiwa barabarani.

Baada ya hapo mipango yetu ilibadilika. Haikuisha, mazoezini bado tulijifunza nani asimame wapi na mpira upite wapi. Lakini kila mpango uliachiwa nafasi ya kugeuzwa, na aliyekuwa na haki ya kuugeuza ni yule aliye na mpira mikononi. Ilichukua muda. Wakati mwingine watu wawili waligeuza kwa wakati mmoja, mpira ukaanguka kati yao kama yatima. Columbus walipokuja Louisville mwishoni mwa msimu tuliwaongoza mpaka robo ya mwisho, ndipo pumzi zikatuishia. Walishinda kwa tofauti ndogo. Binti yangu, aliyekuja na rafiki zake wawili wa shule, aliniambia kwa Kiingereza kwamba nilionekana kama mtu anayejua anachofanya. Nikaona hiyo ni sifa kubwa kutoka kwake. Tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Waliokuwa wameacha mazoezi, baadhi yao walirudi.

Majira ya baridi baba yake kocha aliugua, naye akarudi Australia kumuuguza. Kabla ya kuondoka alituomba sisi watatu, mrefu wetu, mkimbiaji na mimi, tupange msimu mpya bila yeye. Tulikutana kwangu Highview, Jumapili mchana baada ya ibada, theluji ikianguka nje taratibu. Nilipika maharage, ugali na mchicha. Tuliposhiba tulitoa vyombo, tukapanga vikombe mezani kama wachezaji.

Mkimbiaji alitaka mtu mmoja awe huru nyuma, asimkabe yeyote. Mrefu wetu akasema huko ni kupoteza mtu.

"Si kupoteza," nilisema. "Anayekaa huru anaona wote."

"Na wakimpita?"

"Wakimpita wamepita. Sasa hivi wanatupita hata tukiwa watatu pale."

Mrefu wetu alisogeza kikombe, mkimbiaji akakirudisha. Tulibishana hivyo kwa muda, bila kuinua sauti, mpaka mume wangu akaja kutoka chumbani anatafuta chai. Alitazama meza nzima.

"Hiki naweza kunywea?" aliuliza, ameshika kikombe cha kijani.

"Huyo ni beki," nilimwambia. "Mwache. Chukua yule wa pembeni, bado hatujampa kazi."

Akamchukua, akamimina chai, akavuta kiti akakaa nasi, akauliza ni kwa nini katikati tumeacha wazi namna ile.